Lehemu

Ami Hamdun hapendi kuulizwa habari za nyota.
Ukimuuliza, atakwambia kiyoyozi cha jikoni kinavuja,
mara ya tatu mwaka huu, na fundi wa Ibra hapokei simu.

Leo, hapa Mudayrib, baada ya isha,
kanipa miwani yake niifute kwa upindo wa kanga.
"Soma. Wamezima nini safari hii?"

Wamezima hita, Ami, ya kile kipimia chembe.
Kila mwaka zinachopoka wati nne,
kama sarafu mfukoni mwa mtu aliyelala.
Zilizobaki hazichemshi birika letu la chai.

"Kimekufa?"
"Hakijafa. Kimeingia baridi, lakini bado kinapima."
Anaguna, kama aliyeambiwa deni lake limesogezwa mbele.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu,
mtoto wa Pemba mwenye pasi ya nchi ya watu,
ndani ya kiwanda ambamo hata vumbi liliomba ruhusa.
Waya mwembamba kuliko unywele wa kichanga.
Bati, risasi, moshi, pumzi imebanwa.
Walikitarajia miaka mitano, basi.
Na kwa kuwa hakuna fundi atakayekifuata huko,
kila kitu walikipa pacha: redio mbili, kompyuta mbili,
mmoja akinyamaza, mwenziwe aseme.
Kumbukumbu yake yote haienei
picha moja ya harusi ya Badriya iliyomo simuni mwangu.

Kisha ananiambia ambalo hakumwambia hata marehemu mkewe.

Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani.
Mkono ulimcheza kwa njaa.
Kiungo kimoja, cha kumi na saba kutoka kushoto,
lehemu yake ilipoa kabla hajaridhika nayo.
Haikung'aa. Ilikuwa kijivu, jicho la samaki wa jana.
Mkaguzi akashusha lenzi, akapiga muhuri.
Yeye akanyamaza.

Karibu miaka hamsini sasa.
Redio ya kwanza ilipokufa, alisema moyoni: ni mimi.
Kilipoanza kupayuka, sifuri na moja zisizo na maana,
miezi mizima, hakula vizuri: ni mimi.
Kumbe ni chipu, kazi ya mkono mwingine.
Wakaikata ile akili vipande,
wakavipachika palipobaki nafasi,
kama familia inayohamia nyumba ndogo;
neno linatumwa leo, jibu ni kesho kutwa.

"Na kiungo chako?"
"Kipo," anasema. "Hicho ndicho kinachonikera."

Saa nane usiku simu inalia.
Si angani. Ni kundi la falaji:
zamu yetu ya maji, athari mbili tu.
Zamani mgawaji aliingoja nyota ichungulie ukuta wa msikiti
ndipo aseme, haya, sasa ya fulani.
Siku hizi ni Muhenna na orodha yake,
na bado watu wanagombana.
Maji yamepungua. Mwaka juzi tuliuacha mlimau.
Mwaka jana, majani ya mbuzi.
Tumebaki na mitende kumi na moja, mabseli,
na mmoja wa khalasi ambao Ami hataki kuujadili.

Anavua viatu. Anaziba mfereji kwa jiwe na tambara,
maji yanageuka, yanaelekea shambani,
ila pembeni yanapenya, uzi mwembamba tu.
Mkono unamcheza; safari hii si njaa.

"Yatosha, Ami. Nani atauona?"

"Mulika."

Namulika kwa simu. Anainama mpaka pua inakaribia maji,
anatazama pale panapovuja, muda mrefu,
maji ya watu yanahesabiwa, dakika zinakwenda.
Halafu analing'oa tambara lote,
analikamua,
anaanza upya.